Hariri na Utumbo Kwenye Gambusi la Mwinchande

"Paukwa!"

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Mwenye usingizi akalale, hakuna aliyemfunga kamba hapa. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, hiyo nimeisikia. Pakawa na mji, mjini pakawa na mtu, na mtu yule akawa mjinga. Mnamjua mjinga?

"Hatumjui!"

Mtamjua leo. Mbwana, acha kuchokonoa moto, utatuunguza macho. Sogea hapa usikilize.

Zamani sana, zamani ile ambayo kila kitu kilikuwa na mdomo na hakikuona haya kuutumia, palikuwa na mji unaitwa Kitopeni. Watu wa Kitopeni walikuwa wakulima wa mpunga. Mashamba yao yalikuwa bondeni, maghala yao yalikuwa juu mlimani, na katikati palikuwa na njia ndefu ya tope. Sasa, watu wale walikuwa na desturi yao. Mpunga wao hautoki bondeni mpaka gambusi lilie.

Gambusi mnalijua? Lina tumbo la mti lililochongwa, limewambwa ngozi ya mbuzi, lina shingo, shingoni lina vigingi, na kwenye vigingi zimefungwa nyuzi. Mpigaji analikumbatia kama mtoto, anazikwaruza nyuzi kwa unyoya wa tai. Siku ya kubeba mpunga, watu wote wa Kitopeni walisimama kwenye tuta kubwa, makapu vichwani, wakangoja. Gambusi likilia, wanaitikia wimbo. Wakiitikia wimbo, miguu inafuata. Miguu ikifuata, mpunga unapanda mlima. Gambusi lisipolia, hakuna anayeinua mguu. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofanya.

"Kwa nini wasibebe tu?"

Nenda kawaulize. Wamekwisha kufa wote.

Mpiga gambusi wa mji alikuwa akiitwa Mwinchande. Baba yake alilipiga gambusi lile, babu yake alilipiga gambusi lile. Na Mwinchande hakujua kazi nyingine. Mpe jembe, atalishika kama aliyeshika nyoka mkia. Mpe wavu, atajinasa mwenyewe. Lakini mpe gambusi, hapo alikuwa mtu. Kwa kazi hiyo moja alipewa kapu la kwanza la mpunga kutoka kila shamba, naye akala mwaka mzima, yeye na mkewe Siwema na binti yao Pili.

Na palikuwa na sharti. Gambusi likishindwa kulia mara tatu katika mavuno mamoja, linahama. Linachukuliwa na Jumbe, linapewa mikono mingine, na kapu la kwanza linalifuata huko huko. Hakuna kulia, hakuna kuomba. Mmelisikia sharti? Lisemeni.

"Mara tatu, linahama!"

Haya.

Nyuzi za gambusi zilitengenezwa na Siwema, mke wa Mwinchande. Mbuzi akichinjwa, wengine wanagombea paja, Siwema anachukua utumbo mwembamba. Anauosha, anaukwangua kwa mgongo wa kisu mpaka ubaki mweupe, anauloweka kwenye maji ya majivu. Kisha anausokota ukiwa mbichi, anauwamba kivulini kati ya nguzo mbili, na ukikauka anausugua kwa jani la msasa mpaka unakuwa laini kama kucha. Mikono yake ilinuka wiki nzima. Yeye hakujali. Alisema mikono inayonuka imefanya kazi, na isiyonuka ituambie ilikuwa wapi.

Na uzi ule ukifungwa kwenye gambusi, ulilia. Aa, ulilia! Uzi mwembamba kuliko wote ndio uliochukua wimbo. Ukilia bondeni, mtu anausikia mlimani.

Baba yake Mwinchande, kabla hajapiga, alikuwa akianza na huyo mwembamba. Anamvuta polepole, anamsikiliza. Anamvuta tena, anamsikiliza tena. Anamvuta mpaka uzi wenyewe useme:

Nimefika, nimefika,
ukinivuta nitakatika.

Ukisema hivyo, basi. Havuti tena. Halafu nyuzi nyingine zote, za kati na nene, zinapimwa kwa huyo mwembamba. Anayekatika upesi ndiye anayeulizwa kwanza. Hilo hata mbuzi mwenyewe angelielewa.

Mwinchande alilielewa pia, mpaka siku aliyokwenda kupiga kwenye harusi ya wakubwa. Akakaa karibu na mgeni mmoja aliyejifukiza udi mpaka nzi wanamkimbia. Mgeni akanusa, akatazama gambusi, akaziba pua kwa ncha ya kilemba. Hakusema neno. Laiti angesema, pengine wangegombana yakaisha. Lakini aliziba pua tu, na Mwinchande akarudi nyumbani na ile pua kichwani mwake. Akilala anaiona, akila anaiona. Mtu mzima, ana mke na mtoto, anatawaliwa na pua ya mtu asiyemjua hata jina.

Basi akapita mchuuzi wa vitambaa, na ndani ya furushi lake ana kicha cha nyuzi za hariri. Zinang'aa, zinateleza, zinanukia. Mwinchande akazishika, udenda ukamtoka. Alikuwa na mbuzi mmoja zizini, beberu wa kuchinjwa kabla ya mavuno ili Siwema apate utumbo wa nyuzi mpya. Akamfungua kamba yule beberu, akampa mchuuzi, akachukua kicha cha hariri.

Mnacheka? Cheka, Chausiku. Hapo ndipo pa kucheka.

Akasokota hariri akatengeneza uzi mwembamba, akaufunga, akapiga. Unyoya wa tai ukauchana-chana. Kabla jua halijafika utosini uzi ukawa manyoya matupu. Mwenye akili angeishia hapo. Mwinchande akasokota hariri iliyobaki yote pamoja, akaipaka gundi, akapata uzi mmoja mnene. Akang'oa uzi mnene wa utumbo akautupa jalalani, akaufunga huu wa hariri mahali pake. Mwembamba akamrudisha wa utumbo, na wa kati akawaacha vilevile, si kwa kupenda, hakuwa na hariri nyingine.

Basi Hariri alipofungwa tu, akafungua mdomo. Akasema kwao wanakunjwa ndani ya kitambaa, wanafukizwa, wanavaliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga tope. Akauliza ni nani huyu jirani yake mwembamba anayenuka zizi. Wale wa kati, ambao walikuwa utumbo vilevile, wakacheka pamoja na Hariri.

"Wanajicheka wenyewe?"

Wapo wengi wa namna hiyo, mjukuu wangu. Utawaona ukikua.

Kisha Hariri akamwambia Mwinchande: "Humu ndani mkubwa ni mimi. Usianze tena na huyo kamasi. Anza na mimi. Nivute mpaka ningurume, halafu wao wanifuate."

Mkubwa kwa lipi? Kwa unene. Kwa kung'aa. Mwinchande akaona maneno yana adabu. Siwema alipoona mumewe anaanza kukaza uzi mnene kwanza, akamwambia kwamba baba yake hakufanya hivyo. Mwinchande akajibu kuwa baba yake hakuwa na hariri, na kuwa mwenye kujua matumbo abaki na matumbo. Siwema akachukua ndoo yake akaenda kisimani.

Ikafika siku ya kubeba mpunga.

Watu wote wakasimama kwenye tuta, makapu vichwani. Jumbe akakaa kwenye kigoda chake. Nyuma yake akasimama mpwa wake Dilunga, kijana wa kukunja mikono, ambaye siku nyingi alilitazama gambusi lile kama paka anavyotazama samaki. Mwinchande akaja na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi, akawaonyesha watu Hariri. Akawaambia imetoka mbali hii, msiizoee. Watu wakasema loo.

Akamkaza Hariri kwanza. Akamkaza mpaka akanguruma. Hariri akasema, hapo. Akawakaza wa kati, wakasema sisi tunafuata tu. Akashika kigingi cha mwembamba, akavuta. Mwembamba akaimba, imbeni naye:

"Nimefika, nimefika, ukinivuta nitakatika!"

Hariri akasema bado, hajanifikia. Mwinchande akavuta.

"Nimefika, nimefika, ukinivuta nitakatika!"

Hariri akasema huyo mvivu, vuta. Mwinchande akavuta. Pah! Uzi ukakatika, ukamchapa shavuni, ukamwachia mstari mwekundu kutoka sikioni mpaka kwenye kidevu.

Watu wakatazamana. Wakashusha makapu. Hakuna aliyeinua mguu. Na kwelea, wale ndege wadogo wanaokula mpunga, wakaona watu wamekaa, wakashuka bondeni wakaanza chakula chao bila haraka.

Dilunga akasema kwa upole wa kuudhi, naona gambusi limekuzidi nguvu, Bwana Mwinchande. Likikuchosha, kwangu pana msumari mzuri wa kulitundika.

Mara ngapi hiyo?

"Mara moja!"

Mara moja. Mtu mwenye masikio mawili angejua kosa liko wapi. Uzi ulimwambia kwa kinywa chake. Mwinchande je? Mwinchande alikwenda nyumbani anashika shavu, anasema utumbo ni kitu duni, ndiyo maana umekatika. Haukufunzwa. Ni mgumu, hauna malezi. Hariri imelainika kwa sababu imekaa na watu. Basi na utumbo ulainishwe.

Siwema alikuwa na nyuzi nyembamba mbili zimebaki, akampa mmoja. Mwinchande akauchukua, akaupaka samli. Siyo kidogo, aliukanda samli kama mtu anayekanda unga. Juu ya samli akamwagia marashi ya mawaridi, chupa ya mkewe ya harusini. Akaufunga kwenye gambusi, akaliweka gambusi uani juani ili samli iingie ndani ya uzi. Kisha akaenda kwa kinyozi. Mtu mzima, shughuli inamngoja, yeye kwa kinyozi.

Paka wa jirani alikuwa amelala juu ya ukuta. Akanusa. Akafumbua jicho moja. Akanusa tena, akafumbua la pili. Akasema: "Utumbo wa mbuzi kwa samli. Mji huu nilikuwa nauonea, kumbe una watu wakarimu." Akashuka ukutani.

Hariri akamwona anakuja, akamwuliza wewe ni nani. Paka akamjibu kuwa hana shida naye, hali nguo. Akaula uzi mwembamba polepole, akiusifu, kuanzia chini mpaka kwenye kigingi. Wale wa kati hawakupakwa samli, wakajikunyata wakasema sisi tunafuata tu. Paka akawaambia wasimfuate, ameshiba. Akajilamba, akarudi ukutani akalala.

"Na Mwinchande hakuona?"

Angeona vipi? Alirudi amenyolewa, amejipaka mafuta, akalifunika gambusi kwa shuka bila kulitazama, akalibeba. Alikuwa anatazama kivuli cha kichwa chake njiani.

Watu wakasimama kwenye tuta, makapu vichwani. Jumbe kwenye kigoda, Dilunga nyuma yake. Mwinchande akafunua shuka. Mahali pa uzi mwembamba pana kipande kama ulimi wa kuku, kimelowa mate ya paka.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Ningekimbia!"

Heri wewe. Yeye alikohoa, akawaambia watu kuwa amekusudia. Akasema leo mtasikia hariri peke yake, bila kuchanganywa na uchafu. Hariri akafurahi, akasema nimengoja siku hii. Mwinchande akachukua unyoya, akapiga.

Ngu.

Akapiga tena. Ngu. Akapiga kwa nguvu. Ngu, ngu, ngu. Wa kati wakapita nyuma yake, ngu, ngu. Hakuna wimbo. Ni kama mtu anaburuta kinu chumba cha pili. Watu walitaka kuitikia, wakafungua vinywa, hawakujua waingie wapi. Wengine wakaanza na mguu wa kulia, wengine na wa kushoto, wakagongana juu ya tuta. Mzee mmoja akateleza na kapu lake, akaingia topeni mpaka kiunoni. Bibi mmoja akauliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli kama kuna ng'ombe anayeumwa tumbo.

Wakashusha makapu. Kwelea wakaongezeka. Sasa bonde lilikuwa likisikika kama mvua, kumbe ni midomo yao.

Mwinchande akainama akamwuliza Hariri kwa kunong'ona imekuwaje. Hariri akajibu kuwa yeye alilia vizuri, masikio ya watu ndiyo mabovu. Wamezoea utumbo.

Mara ngapi hiyo?

"Mara mbili!"

Mara mbili. Imebaki moja, na hapo ndipo Mwinchande alipoanza kutoka jasho. Alirudi nyumbani akamkuta Siwema anakung'uta kapu la mpunga wa mwaka jana, anaokota punje pembeni kwa ncha ya kidole. Pili amekaa karibu, anazihesabu zinazoanguka, anazirudisha. Mwinchande akakaa kizingitini. Akaona gambusi la babu yake limetundikwa kwa Dilunga. Akajiona yeye na jembe. Akamwona mtoto wake anaomba mchele kwa majirani wale wale aliowaambia wasizoee hariri.

Akamwomba mkewe uzi. Siwema hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alifungua kikasha, akatoa uzi, akaushika mkononi bila kumpa.

"Baba Pili," akasema, "huu ndio wa mwisho. Ukiukata, utumbo mwingine sina wa kusokota. Yule mbuzi ulimpa mchuuzi."

"Najua, Mama Pili. Niambie nifanyeje."

"Sikwambii. Mimi si mwenye matumbo tu? Muulize uzi mwenyewe, na akikujibu umsikie."

Akauweka juu ya mkeka, akarudi kwenye kapu lake.

Ikafika siku ya tatu ya kubeba. Bonde limekwisha nusu kwa midomo ya kwelea. Watu wamesimama kwenye tuta, lakini safari hii hakuna anayetania. Makapu wameyashika mkononi, hawajayaweka vichwani. Jumbe kwenye kigoda. Dilunga amekuja na mfuko wa kitambaa, mpya, umeshonwa kwa kipimo cha gambusi. Amekwisha lishonea gambusi nguo, na gambusi bado lina mwenyewe. Huyo ndiye Dilunga.

Mwinchande akaketi. Akaufunga ule uzi wa mwisho. Na mnafikiri alianza na nani?

"Mwembamba!"

Hapana. Alianza na Hariri. Ndiyo, nawaambia. Mkono uliokwisha zoea kuwatumikia wakubwa unakwenda huko wenyewe, hata tumbo likiwa na njaa. Alimkaza Hariri mpaka akanguruma. Wa kati wakafuata. Akashika kigingi cha mwembamba, akavuta.

"Nimefika, nimefika, ukinivuta nitakatika!"

Hariri akasema vuta. Dilunga akasema, vuta, Bwana Mwinchande, usiogope. Wa kati wakasema sisi tunafuata tu. Mwinchande akavuta kidogo, kidogo kama upana wa unywele. Uzi mwembamba ukatoa unywele mmoja ubavuni, ukasimama.

Hapo mwembamba akamgeukia Hariri. Tangu siku ya kwanza hakuna mwembamba aliyewahi kumjibu, na huyu watu wote wakamsikia.

"Wewe unayenukia, nikuulize. Kabla hujakunjwa kwenye kitambaa ulikuwa wapi?"

Hariri akasema alikuwa kwao.

"Kwenu ni kinywani mwa funza. Alikutema. Mimi nilitoka tumboni mwa mbuzi, nawe ulitoka mdomoni mwa mdudu, sote tumeoshwa tukasokotwa, tumekutana hapa. Mimi sikukucheka. Lakini mimi nikikatika, wewe utakuwa unanguruma kwenye msumari wa Dilunga, na hakuna mtu atakayebeba hata punje moja kwa ajili yako."

Hariri akashusha sauti. Ni mara ya kwanza. Akasema: "Hata hivyo siwezi kushushwa mbele za watu."

Na hapo ndipo palipouma, watoto. Maana Mwinchande naye hakuweza. Aliwaambia watu wote wa Kitopeni kuwa Hariri ndiye mkubwa. Aliwaonyesha, aliwaringia. Sasa amlegeze mbele yao? Mbele ya Jumbe, mbele ya Dilunga na mfuko wake? Akaona ni afadhali avute, uzi ukatike, gambusi liende, lakini aonekane alikuwa sahihi. Kuna watu wa hivyo. Watalala njaa na watoto wao ili tu wasionekane wamerudi nyuma hatua moja.

Vidole vyake vikarudi kwenye kigingi cha mwembamba.

Akainua macho. Kati ya wanawake akamwona Siwema, kapu tupu begani. Siwema hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama ule unywele mmoja ulioinuka kwenye uzi, kama mtu anavyotazama mtoto wake amesimama ukingoni mwa kisima.

Mwinchande hakuvuta. Akaurudisha uzi nyuma kwa ule upana wa unywele. Akauuliza uzi mwembamba, kwa sauti, watu wanasikia: "Umefika?"

"Nimefika."

"Basi."

Akashika kigingi cha Hariri akamlegeza. Krii. Watu wakaguna. Dilunga akacheka. Krii, akamlegeza tena. Hariri akalalamika kwamba anavuliwa nguo hadharani, kwamba kwao mambo haya hayafanywi. Mwinchande akamlegeza. Wa kati wakasema sisi tunafuata tu, na kwa mara moja katika maisha yao wakafuata jambo la maana. Akamlegeza Hariri mpaka akakaa chini ya mwembamba kama nguzo inavyokaa chini ya dari. Akachukua unyoya wa tai. Akapiga.

Mwembamba akachukua wimbo, akaupeleka moja kwa moja mlimani. Na chini yake, kwa upole, Hariri akatoa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua anayo. Haikuwa ngu. Ilikuwa sauti nene, ya kuegemea, ya mtu anayekuambia pita, nimekushika. Hariri alishtuka. Akaacha kulalamika ili ajisikilize.

Watu wakaweka makapu vichwani. Hakuna aliyewaambia. Wakaitikia wimbo, na kwa sababu wimbo ulianzia mahali pa mwembamba, kila koo lilipata pa kuingia, mabibi na watoto na yule mzee wa topeni. Miguu ikafuata. Kwelea wakaruka wote kwa pamoja, bonde likanyamaza, mpunga ukaanza kupanda mlima.

Na Dilunga je? Desturi ya Kitopeni ilikuwa moja kwa wote: gambusi likilia, asiye na kapu anatafuta la kubeba. Jumbe mwenyewe aliinuka kwenye kigoda akamwambia mpwa wake kwamba amekuja na mfuko mzuri, basi aujaze. Akaujaza. Akapanda mlima na mpunga shingoni, jasho linamchuruzika, analifuata gambusi.

Kapu la kwanza likatua mlangoni kwa Mwinchande. Siwema akapika, Pili akala mpaka akalala na tonge mkononi.

"Mwinchande akaacha ujinga?"

Nani kakwambia? Baada ya siku mbili tatu alikuwa barazani akiwaeleza watu jinsi alivyobuni mtindo wa kulegeza hariri. Siwema akamsikia kutoka ndani. Akatoka na bakuli la utumbo mbichi, akaliweka mapajani mwa mumewe, juu ya kanzu yake nyeupe, mbele ya wageni, na kisu akampa. Akamwambia: "Fundi wangu, mbuzi wa jirani amechinjwa leo. Kwangua." Akakwangua. Wageni wakaziba pua, naye akaendelea kukwangua, maana sasa alijua kipi kinachomlisha.

Haya, mmeisikia. Sasa nisikieni na mimi. Wapo wengi wanaotaka watu waimbe pamoja, na wakitaka kuwapima, wanaanza na mwenye sauti nene na nguo ya kung'aa, halafu wanawavuta wengine wote wamfikie. Wakikatika, wanasema walikuwa duni. Mkikutana na mtu wa hivyo, mwambieni alegeze. Mkitaka kwenda pamoja, aulizwe kwanza aliye karibu kukatika, na akisema amefika, basi amefika. Na aliyeziba pua mwambieni aoshe mikono, achukue kisu, asaidie kukwangua.

Mimi hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye nguvu aiinue aende nayo, na mwenye usingizi aniondokee kwenye mkeka.